Saa ya Baba Haikufa kwa Kujazwa Mno

Nataka kuwaeleza kosa langu moja, na jinsi saa ndogo ya mkono ilivyolifunua. Hapa kwetu Mboko, mtu akiona saa ya kujazwa imesimama, husema mara moja: "Imejazwa kupita kiasi." Nami mwalimu nalisema vivyo hivyo, tena kwa sauti ya mtu ajuaye.

Saa yenyewe ilikuwa ya marehemu Baba. Aliinunua Uvira mwaka 1974 kwa mshahara wake wa kwanza wa ualimu. Haina betri, kila asubuhi sharti uzungushe kichwa chake kwa vidole viwili. Vita vilipotutoa Fizi mwaka 1996, tulivuka ziwa hadi Kigoma, tukapelekwa kambi ya Nyarugusu, na saa ilikuwa mkononi mwa Baba. Kule betri zilikuwa taabu kupatikana, lakini vidole hatukukosa. Baba aliitazama, kisha akagonga rimu ya gari iliyotundikwa mtini, na watoto wakaingia darasani. Tulipofika Tanzania aliisogeza mbele saa moja, maana wenzetu wa ng'ambo wametutangulia. Tuliporudi kwa meli hadi Baraka mwaka 2006, akairudisha nyuma.

Baba alipofariki nalipewa mimi saa hiyo, kwa kuwa ndimi mkubwa. Lakini niliiacha nyumbani kwa Mama, na mdogo wangu, mvuvi wa ndagala, ndiye aliyeijaza kila asubuhi alipotoka ziwani. Siku moja ikasimama. Nikashika kichwa chake: kimekaza, hakizunguki. Nalimkaripia mbele ya Mama na watoto wake: "Mkono wako wa kuvuta nyavu umeiua saa ya Baba." Hakujibu neno. Tangu siku ile hakuigusa tena, na mazungumzo yetu yakawa salamu tu. Tukakaa hivyo miaka miwili.

Wakati wa likizo ya Pasaka nalikwenda Baraka, nikamkuta karibu na soko mzee mmoja fundi wa saa. Mafundi wa namna yake wamebaki wachache. Tangu kampuni ya Seiko ya Japani ilipoanza kuuza saa ya mkono ya kwatzi, tarehe 25 Desemba 1969, saa za betri zimeenea kila mahali, na leo wengi hutazama simu tu. Mzee alifungua mgongo wa saa, akaweka lenzi jichoni, akanyamaza kitambo. Kisha akanipa lenzi nami nitazame.

Ndani ya kikopo chenye meno imefungiwa kamani, yaani utepe wa chuma uliovingirishwa. Ukizungusha kichwa, kamani hukazwa. Nayo ikijifungua husukuma magurudumu, moja baada ya jingine. Kama pasingekuwa na kizuizi, ingejifungua yote kwa mara moja, na akrabu zingekimbia ovyo. Basi mwisho wa magurudumu kuna kipande chenye umbo la nanga, kinachoruhusu jino moja moja kupita. Nanga hiyo hutikiswa na gurudumu la mizani, liendalo na kurudi kwa nguvu ya kamani nyingine nyembamba kama unywele. Kamani hiyo ya unywele ilitangazwa na Mholanzi Christiaan Huygens mwaka 1675. Katika saa kama ya Baba, mizani hupiga mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara 5 kila sekunde, au mara 432,000 kwa usiku na mchana.

Ncha za mihimili ya magurudumu ni nyembamba mno, nazo huzunguka ndani ya vijiwe vya yakuti vilivyotengenezwa na binadamu. Saa ya Baba inavyo 17. Kila ncha hutaka tone dogo mno la mafuta. Lakini mafuta huzeeka. Hukauka, au huchanganyika na vumbi yakawa kama ulimbo.

"Mwalimu," akasema mzee, "kamani hii ni nzima. Ingalikuwa imekatika, ungezungusha kichwa mchana kutwa wala kisingekaza. Imejaa, na inasukuma. Njia ndiyo iliyozibwa. Kujaa si ugonjwa. Lini ilisafishwa mara ya mwisho?"

Nikahesabu moyoni. Tangu tuliporudi kutoka Tanzania hakuna aliyeifungua. Mwenye saa nalikuwa mimi, na aliyeisahau nalikuwa mimi.

Mzee alianza kazi. Kwanza aliilegeza kamani polepole, akikizuia kichwa kwa vidole, maana ukiitoa nanga huku kamani imejaa, magurudumu hurushwa na ncha zake huvunjika. Kisha akatoa mizani, nanga, halafu magurudumu, akavipanga kwa taratibu juu ya kitambaa cheupe. Akaviosha kwa benzini safi, akasafisha kila kijiwe kwa kijiti kilichochongwa, akavikausha. Alipovirudisha alitia mafuta kwa ncha ya sindano, kwenye vijiwe, wala si kwenye meno ya magurudumu. Mizani ilipowekwa, ikaanza kupiga yenyewe kabla hajaigusa.

Ninyi mlio na saa kama hizi, shikeni haya. Ijazeni kila siku kwa saa ile ile, mpaka kichwa kikatae. Hapo acheni, msilazimishe. Ilindeni na maji na vumbi. Na kila baada ya miaka mitano hivi mpelekeeni fundi aisafishe, hata kama bado inatembea, kwa maana mafuta makavu hula ncha za chuma kimyakimya.

Nalirudi Mboko jioni. Alfajiri nikaenda ufukoni kungoja mitumbwi. Mdogo wangu aliposhuka, nikamweleza yote mbele ya wavuvi wenzake, kama nilivyomkaripia mbele ya watu, nikamwomba radhi. Akafuta mikono yake kwa shati, akaipokea saa, akaiweka sikioni. Kisha akakizungusha kichwa taratibu, mpaka kikakaza.

"Hapa ndipo nilipokuwa nikiachia siku zote, kaka," akasema.

Tangu siku hiyo saa inakaa mkononi mwake.