Aliyetuhudumia Seronera
Likizo iliyopita mfadhili mmoja alitulipia usiku mmoja Seronera Wildlife Lodge, hoteli ya miaka ya 1970 iliyo ndani ya Hifadhi ya Serengeti. Imejengwa kuzunguka miamba. Hata ukumbini jiwe limeachwa lilivyo. Sisi wazaliwa wa Mugumu hatukuwahi kulala humo.

Aliyetuletea supu alikuwa mwenzetu wa seminari ndogo. Tangu aache masomo, hakuna kati yetu aliyewahi kumtafuta. Tukainamisha vichwa. Yeye akatabasamu: “Karibuni, mafrateri. Salini, supu isipoe.”

Alituhudumia kwa furaha hadi tukamaliza kula. Sisi tunasomea utumishi, yeye alishaanza. Asubuhi, kabla ya kuondoka, tulimwomba msamaha, kisha namba ya simu.