Mikwaruzo ya Motokaa ya Babu

Kivulini kila motokaa iliyooshwa ni nzuri. Itoe juani, ndipo rangi itakaposema kweli. Utaona mizunguko myembamba kama utando wa buibui, imeuzunguka mng'ao wa jua. Ukisogea hatua mbili, nayo hukufuata. Hapa Mbale sijaona motokaa nyingi za zamani zisizo na alama hizo.

Nyumbani kwetu tuna Peugeot 404 ya buluu iliyokoza, aliyotuachia Babu. Ni aina ile iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha mfululizo miaka ya 1966, 1967 na 1968, na Babu hakuchoka kutusimulia habari hiyo. Likizo iliyopita Baba aliazimu kuipeleka kwa fundi ikapakwe rangi mpya. Bei aliyotajiwa ilikuwa karibu sawa na karo ya muhula mmoja ya mdogo wangu wa kike, naye yu katika mwaka wa mtihani. Mama alisikiliza, asiseme neno.

Nikamwambia, "Baba, ukiniruhusu, nipe siku tatu kwanza. Rangi isiporudi, fundi yupo."

Akanijibu, "Haya, mwanangu. Lakini ukiichuna mpaka bati lionekane, fedha ile itatoka tu."

Basi nilijua ninachokishika mkononi.

Yafaa kwanza tufahamu mizunguko hiyo ni kitu gani. Kwa hakika si mizunguko. Ni mikwaruzo midogo sana iliyolala kila upande, lakini inayometa ni ile tu iliyokingama na mwanga, ndiyo maana macho huona duara. Chanzo chake ni vumbi. Vumbi letu lina chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko rangi yo yote ya motokaa. Mahali pa kuoshea magari kando ya barabara, tambara lililotoka kwenye matope ya lori hutumbukizwa katika ndoo ile ile, kisha hupitishwa juu ya motokaa yako. Hapo huoshwi, husuguliwa kwa msasa.

Wengine hupaka mafuta ili mikwaruzo isionekane. Mafuta hujaza mifereji tu, na mvua ikinyesha hali hurudi kama kwanza. Dawa ya kweli ni kuupunguza uso wa rangi kidogo kidogo mpaka ulingane na kina cha mikwaruzo. Hapo ndipo penye hatari, kwa maana rangi yote ya motokaa huwa nyembamba sana, mara nyingi kama unene wa unywele mmoja au miwili.

Siku ya kwanza niliiosha motokaa kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, nikaanzia juu na kumalizia chini. Nilipitisha ukucha juu ya mikwaruzo. Ule ulionasa ukucha niliuacha, kwa kuwa ni mrefu kwenda chini, na kuufukuza ni kuitoboa rangi.

Siku ya pili niliisukuma motokaa chini ya mwembe, nikangoja bati lipoe. Nilichagua sehemu ndogo ya boneti, kama kiganja cha mkono, nikajaribu polishi laini kuliko zote zilizokuwako dukani. Ikiwa laini yatosha, ya nini kuleta kali? Kitambaa changu cheupe kikageuka buluu. Mama aliingiwa na hofu alipokiona, nikamweleza kwamba rangi hii haikufunikwa kwa tabaka lisilo na rangi kama magari mengi ya siku hizi, kwa hiyo huacha buluu yake kitambaani. Hata hivyo, buluu ile ilikuwa rangi inayotoka, isiyorudi tena.

Nilisugua kwa mistari iliyonyoka, sehemu moja moja, nikifuta na kutazama kwa tochi kila mara. Kwenye kingo na mikunjo ya bati sikukandamiza kabisa, kwani hapo rangi huisha upesi. Mabega yaliniuma mpaka usiku. Siku ya tatu nilimalizia milango, kisha nikapaka nta ya kuilinda.

Jioni Baba alizunguka motokaa mara mbili. Mizunguko mingi ilikuwa imetoweka, na ile mikwaruzo mirefu ilibaki. Akauliza, "Kazi hii yaweza kurudiwa mara ngapi?"

Nikamjibu, "Mara chache, Baba. Kila mara tunakula akiba."

Akacheka kidogo, akasema, "Basi na tusile tena mapema." Juma lililofuata karo ya mdogo wangu ililipwa.

Wenzangu wenye motokaa kuukuu nyumbani, nawashauri hivi: msikimbilie polishi. Mwageni maji mengi kwanza ili mchanga uondoke wenyewe, shikeni ndoo mbili na kitambaa laini kilicho safi, na kitambaa kikianguka chini msikirudishe juu ya rangi. Kuondoa mikwaruzo kuna mwisho wake, lakini kuizuia ni kazi ya maji na subira, na hiyo haipunguzi rangi hata kidogo.

Mwanafunzi, Kidato cha 6