Msindano wa Mgongoni

Asubuhi moja ya Julai, ukungu wa Mufindi ukiwa bado umelalia shamba la miti la Sao Hill, niliteremka mgongoni mwa kilima nimenuna. Tulikuwa tunapima misindano ya miaka 15. Ya bondeni ilikuwa imeipita ya kilimani kama mita tano hivi, nami nikasema, "Hii ya juu mivivu."

Mzee niliyekuwa nikishika naye futikamba akacheka. "Mwanangu, yote ilitoka kitalu kimoja, ikapandwa mwaka mmoja. Hebu chimba."

Nikachimba. Bondeni jembe lilizama kwenye udongo mweusi. Mgongoni halikwenda mbali, likalia kwenye mawe.

Kazi yetu ina utaratibu wake. Unazungushia duara la nusu kipenyo cha mita 11.28, yaani hekta 0.04. Ndani yake unatafuta miti minne minene kuliko yote, unene ukipimwa mita 1.3 kutoka ardhini, kisha unapima urefu wake. Ni sawa na kuchukua miti 100 kwa hekta. Urefu huo ukiupambanisha na umri, unajua ardhi ile ina nguvu kiasi gani.

"Mbona tunaruka hii myembamba?" nilimuuliza.

"Mti uliobanwa haukupi habari za udongo. Unakupa habari za jirani aliyeuzibia jua."

Maneno hayo niliondoka nayo. Mdogo wangu alikuwa anarudia kidato cha nne, na kila nikimpigia simu nilimsimulia jinsi mimi nilivyofaulu kwa juhudi. Sikuwahi kumtajia kwamba enzi zangu baba alikuwa na mshahara, taa haikukosa mafuta, na maji alichota mtu mwingine. Yeye alianza sekondari baba akiwa kitandani. Ng'ombe wa kumlipia ada hawakuwapo tena. Walikwisha nikiwa chuoni.

Nilikuwa nimejipima nikajiona mrefu, nikampima na yeye kwa futi ileile. Kumbe jirani mwenye kivuli ni mimi.

Jioni ile nilimpigia. Sikumuuliza alama. Nilimuuliza daftari analifungua saa ngapi.

"Saa nne usiku, kaka, nikishamaliza kuchota maji."

Tangu mwezi ule, maji ya mkokoteni nyumbani nalipia mimi.