Gari Linalougua Wakati wa Masika

Huenda wewe huna gari. Hata mimi sina. Lakini sote tunalitegemea gari. Mbolea huja kwa gari. Mahindi huenda sokoni kwa gari. Mgonjwa akizidiwa usiku, tunakimbia kutafuta gari. Kwa hiyo gari likiharibika, shida si ya dereva peke yake. Ni shida ya kijiji kizima.

Mimi ni afisa elimu ya watu wazima. Nina cheti cha elimu ya watu wazima, wala si cheti cha ufundi wa magari. Haya ninayokuandikia nimejifunza kwa madereva na mafundi, na kwa kuona kwa macho yangu. Nakuandikia kwa sababu yanaonyesha faida ya kalamu na daftari, hata katika kazi ya spana.

GIABOKSI NI NINI?

Injini ndiyo inayotoa nguvu. Nguvu hiyo hupita kwenye klachi, ikaingia kwenye giaboksi, kisha ikaenda kwenye magurudumu. Klachi ni kama mlango. Dereva akikanyaga, mlango unafungwa na nguvu haipiti. Akiachia, nguvu inapita.

Giaboksi ni sanduku la chuma. Ndani yake mna magurudumu madogo yenye meno. Meno hayo huzunguka ndani ya oili. Oili huzuia chuma kisisagane na chuma. Maji yakiingia humo, oili hupoteza nguvu yake, na chuma huanza kuota kutu.

PIKAPU YA KIKUNDI

Kijiji ninachofanyia kazi kiko wilayani Kilosa, mkoani Morogoro. Kati ya kijiji na barabara kuu kuna mto mdogo. Wakati wa kiangazi unauvuka bila kulowesha magoti. Wakati wa masika, yaani Machi hadi Mei, maji hujaa.

Kikundi cha wakulima kina pikapu moja ya zamani. Kila masika gia zake zilikuwa ngumu kuingia. Giaboksi ilinguruma kama jiwe la kusagia. Kila kiangazi ilikuwa nzima tena. Mwaka mmoja fundi wa mjini aliisikiliza, akasema giaboksi imekufa, inunuliwe nyingine. Bei yake ilizidi fedha zote za kikundi. Ingebidi kuuza mahindi ya akiba, na mavuno yalikuwa bado mbali.

Mkutano uliitishwa. Wengi walikubali kuuza. Ndipo mama mmoja, mweka hazina wa kikundi, alisimama akauliza, "Kama giaboksi imekufa, mbona kila kiangazi inafufuka?"

Hakuna aliyeweza kumjibu. Mimi niliomba tungoje wiki mbili, na kila siku habari za gari ziandikwe. Kazi hiyo alipewa utingo, mzee mmoja aliyejifunza kusoma na kuandika katika darasa letu. Aliandika hivi:

Jumatatu. Mvua kubwa. Hatukuvuka mto. Gia nzuri.
Jumatano. Hakuna mvua. Tumevuka mto, maji nusu ya gurudumu. Gia ngumu.
Alhamisi. Hakuna mvua. Hatukuvuka. Gia bado ngumu. Kelele.
Jumamosi. Mvua. Tumevuka mto. Kelele imezidi.

Yasome tena maneno hayo, ndugu msomaji. Jumatatu mvua ilinyesha sana, lakini gari halikuugua. Jumatano hakukuwa na mvua, lakini gari liliugua. Basi adui hakuwa mvua ya juu. Adui alikuwa maji ya mto, yanayoingia kwa chini.

TULICHOKIONA

Dereva aliliacha gari usiku kucha mahali pa sawasawa. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo gari likitulia maji hushuka chini. Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, alilegeza polepole bolti ya chini ya kutolea oili. Yalitoka maji kwanza. Kisha ikatoka oili yenye rangi ya chai ya maziwa.

"Mwalimu," dereva aliniambia, "huu ni uji, si oili."

Maji yaliingiaje? Juu ya giaboksi pana tundu dogo la kupumulia. Katika pikapu ile tundu hilo lina mpira mwembamba unaopanda juu, ili maji yasilifikie. Mpira huo ulikuwa umekatika.

Giaboksi hupata joto gari linapotembea. Gari likiingia mtoni, giaboksi hupoa ghafla. Hewa iliyo ndani husinyaa, nayo huvuta maji kupitia tundu hilo, au kupitia sili zilizochakaa. Unaweza kulijaribu jambo hili nyumbani. Chukua chupa tupu ya plastiki. Ifunge vizuri, iache juani mpaka ipate moto, kisha izamishe katika maji baridi. Utaiona inajikunja. Hewa iliyopoa inahitaji nafasi ndogo zaidi.

Swali la yule mama nalo likapata jibu. Kila mwaka baada ya masika, oili ya pikapu ilibadilishwa. Maji yalitoka pamoja na oili ya zamani. Hakuna aliyeitazama beseni kabla ya kuimwaga. Ndiyo maana giaboksi ilifufuka.

Tulinunua oili na mpira mpya. Giaboksi ilisafishwa kwa kutiwa oili, kuzungushwa kidogo, na kumwagwa tena, mpaka oili ikatoka safi. Gia zikalainika. Kelele kidogo ilibaki, kwa kuwa beringi moja ilikwisha liwa na kutu. Beringi hiyo ilibadilishwa baada ya mavuno. Gharama yake ilikuwa ndogo sana kuliko bei ya giaboksi. Mahindi ya akiba hayakuuzwa.

DALILI NYINGINE ZA WAKATI WA MVUA

Si kila gari lina ugonjwa wa pikapu ile. Shika dalili hizi.

Kwanza, injini inavuma sana lakini gari haliongezi mwendo. Hapo klachi inateleza. Kama imelowa maji tu, hukauka baada ya mwendo mfupi na gari hupata nguvu. Kama haiponi, huenda imelowa oili, au imekwisha. Klachi iliyolowa oili haikauki yenyewe.

Pili, gari limelala baada ya kuvuka maji. Asubuhi injini ikiwashwa, gia zinakataa kuingia. Injini ikizimwa, zinaingia bila taabu. Hapo yawezekana kutu imegandisha pleti ya klachi. Giaboksi haina kosa. Mwite fundi aibandue.

Tatu, injini yenyewe inakohoa na kushtuka wakati wa mvua. Watu husema gia zimeharibika. Lakini mara nyingi unyevu umeingia kwenye nyaya za plagi. Sikiliza vizuri. Kama injini yenyewe ndiyo inayokosa nguvu, usianze kwa kufungua giaboksi.

Nne, gari la gia za otomatiki. Siku hizi magari mengi ya namna hii huletwa nchini kutoka Japani. Gia zake huongozwa na umeme. Unyevu ukiingia kwenye viungo vya nyaya, gari linaweza kung'ang'ania gia moja tu, na taa ya onyo ikawaka. Viungo hivyo vikaguliwe na kukaushwa kwanza. Lakini oili yake nyekundu ikigeuka kama maziwa yenye rangi ya waridi, gari lisiendeshwe. Maji huibandua gundi iliyoshikilia pleti za ndani. Livutwe mpaka kwa fundi.

KABLA NA BAADA YA KUVUKA MTO

Maji yaendayo kasi yasivukwe. Maji hayo yakiwa na kina cha sentimita 60 tu yanaweza kuchukua magari mengi. Ngojeni yapungue. Mzigo hurudi siku nyingine, mtu harudi.

Kama maji ni machache na yametulia, dereva asimame kidogo kabla ya kuingia, ili giaboksi ipoe. Land Rover za zamani zina tundu chini ya nyumba ya klachi. Tundu hilo huzibwa kwa bolti yake kabla ya kupita maji mengi. Baada ya kuvuka, bolti hiyo itolewe, ili oili ikivuja isikusanyike humo na kulowesha klachi.

Baada ya kuvuka, dereva akanyage breki mara kadhaa polepole ili zikauke. Kesho yake aitazame oili. Asilale chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Aweke magogo imara.

DAFTARI NI CHOMBO CHA KAZI

Ndugu msomaji, fundi huliona gari saa moja. Wewe unaliona kila siku. Fundi hawezi kujua kwamba lilikuwa zima Jumatatu na bovu Jumatano, mpaka mtu amwambie. Na kichwa husahau, daftari halisahau.

Kwa hiyo andika. Andika tarehe, hali ya mvua, mahali mlipopita, na ulichosikia. Fanya hivyo kwa gari, kwa mashine ya kusaga, kwa pampu ya maji, hata kwa ng'ombe anayeugua. Kisha mpelekee fundi au bwana mifugo daftari lako, msome pamoja kabla ya kutoa fedha.

MASWALI

1. Kwa nini Jumatatu gari halikuugua, ingawa mvua ilinyesha?
2. Maji huingiaje katika giaboksi yenye joto?
3. Oili yenye maji ina rangi gani?
4. Zungumzeni darasani: ni kifaa gani kijijini kwenu kinachofaa kuandikiwa daftari? Nani ataliandika?