Nilimwita Rafiki Yangu Mwizi kwa Sababu ya Waya Mmoja

Leo sina umbea wa mtu, umbea wa leo ni wangu mwenyewe. Naomba mnisome mpaka mwisho ndo mnichambe.

Wengi mnajua mimi na gemu ni damu damu, tangu enzi za kibanda cha PS kitaani, ukifungwa unampisha mwenzio. Nilipomaliza kidato cha nne ndoto yangu ilikuwa kompyuta yangu mwenyewe, ya mezani, yenye kadi ya grafiki ya maana. Imenichukua miaka miwili. Mchezo wa kila wiki, kibubu, na vikazi vya kutengeneza kadi za harusi na mabango ya sherehe. Mwisho nikashika milioni moja na laki nane.

Sasa upande wa vifaa mimi sio mjuzi kihivyo. Ninaye jamaa yangu, jina naliweka kapuni, tumesoma pamoja tangu darasa la kwanza. Yeye ndo mwenye utaalamu. Tukaingia naye Kariakoo, tukazunguka toka asubuhi mpaka saa tisa, tukatoka na mzigo: prosesa Core i5-10400, RAM 16GB zikiwa mbili za 8GB, kadi ya GTX 1660 Super yenye 6GB, na monita ya 144Hz. Used, lakini vizima. Jamaa akagoma kulipa mpaka iwashwe pale pale dukani. Likafunguliwa gemu la GTA V, setingi za juu, na kinamba cha pembeni kikawa kinacheza kwenye 90 na kitu.

Kwa wasiojua, hiyo namba ni FPS, yaani picha ngapi zinachorwa kwenye sekunde moja. Ukiwa na 60 unacheza kwa raha zako. Ukishuka chini ya 30 unaona mtu anatembea kama anaburutwa.

Nikabeba vitu vyangu kwenye bajaji, jamaa akawahi mishe zake. Nyumbani nikaunganisha mwenyewe. Umeme, kibodi, mausi, HDMI, washa. Ikawaka. Nikafungua gemu lile lile.

18.

Nikadhani macho. Nikazima, nikawasha. 18. Ukiingia kwenye gari inashuka 14. Gemu limetoka kwenye PC mwaka 2015, na kadi yangu ni ya 2019, yaani inatakiwa ilicheze huku inapiga miayo.

Nikampigia jamaa usiku ule ule. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Waya wa monita umechomeka wapi?"

"Kwenye HDMI, kwani we unanionaje?"

"HDMI ipi?"

Nikaona ananizungusha. Nikakata simu. Hayo maneno mawili yangeniokolea wiki tatu za maisha yangu.

Kilichofuata ni vurugu. Nikashusha setingi zote mpaka za chini kabisa, nikapata nafuu kidogo, ila picha imekuwa kama katuni ya zamani na bado inagandaganda. Nikasasisha draiva. Nikapiga Windows upya, gemu likafutika, ikabidi nilishushe tena, zaidi ya GB 90. Bando nililochoma hapo sitaki kulikumbuka. Nikafungua kasha, nikapuliza vumbi, nikachomoa RAM nikazisugua na kifutio kama nilivyoona kwenye video, nikazirudisha. 18 ikawa 15. Yaani natengeneza huku naharibu.

Hapo ndo shetani akakaa kitako. Dukani 90, nyumbani 15, maana yake nini? Maana yake wamebadilisha kadi wakati wa kufunga. Na nani alisimamia kufunga? Jamaa yangu. Kwa hiyo kala cha juu na mwenye duka. Hesabu ikakubali kichwani vizuri kabisa.

Nikaingia WhatsApp, nikatupia stetasi: "Kuna watu mnasoma nao, mnakula nao, halafu wanakuuza kwa laki mbili. Ukitaka kununua kompyuta usiende na mtu anayejifanya mtaalamu." Sikutaja jina. Ila kitaani kwetu anayejulikana kwa kompyuta ni mmoja. Watu wakanijaa inbox, "ni yule?" Mimi nikawa narudisha vicheko tu. Kicheko kwenye swali kama lile ni jibu, tusidanganyane.

Stetasi inakaa saa 24 inafutika. Maneno hayafutiki. Kuna bro mmoja alikuwa anafungua stationery na alishakubaliana na jamaa amchukulie kompyuta tatu. Akaghairi. Jamaa hakunitumia hata meseji. Alikaa kimya tu.

Siku moja nikakutana na mama yake njiani, katoka gengeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hivi mmegombana na mwenzio? Mbona huji tena? Na yeye nikimuuliza hasemi."

Nikajiumauma, nikasingizia kazi. Akanipa parachichi mbili, akaondoka. Zile parachichi sikuweza kuzila, nikampa dogo.

Dogo mwenyewe ndo mkombozi wa hii stori. Yuko kidato cha pili, hajui kompyuta. Jumamosi nikamwambia asogeze meza adeki. Akawa nyuma ya kompyuta, nikasikia: "Bro, mbona huku chini kuna HDMI nyingine? Halafu ina kifuniko."

Mwili ukaniisha nguvu. "HDMI ipi?" ikarudi kichwani na sauti yake kabisa.

Nikafungua Task Manager, upande wa Performance, gemu likiwa linacheza. Chini kuna GPU mbili. GPU 0 ni Intel, imejaa karibu 100%. GPU 1 ni GTX 1660 Super yangu, ile ile, haijabadilishwa na mtu, iko 0%. Nikaangalia joto lake, nyuzi 38, baridi kabisa. Feni hata hazizunguki. Wiki tatu imelala mle ndani bila kazi.

Iko hivi. Nyuma ya kompyuta tundu za juu, zilizo pamoja na za USB, ni za madabodi. Ukichomeka monita pale, picha inatoka kwenye grafiki ndogo iliyomo ndani ya prosesa, kwangu mimi ni Intel UHD 630, ya kufungulia Word na kuangalia muvi. Tundu za kadi ziko chini zaidi, zimelala. Monita inatakiwa ikae huko. Madabodi nyingi zinazima picha ya tundu la juu ukishaweka kadi, ila yangu iliachwa wazi kwenye BIOS. Na ningekuwa na ile prosesa yenye herufi F mwishoni, i5-10400F, ambayo haina grafiki ndani, kioo kingekuwa cheusi na ningeshtukia siku ile ile. Tatizo la kwangu ni kwamba ilikuwa inawaka. Kitu kikifa kabisa unakitafutia ugonjwa. Kikiishi nusu unamtafuta mchawi.

Nikahamisha waya. 70 na kitu.

Niseme ukweli, sikufurahi. Niliangalia ile namba nikatamani ingebaki 18.

Nikavaa viatu, nikaenda kwao kwa miguu. Jamaa alikuwa barazani anakaza feni ya mtu. Nikamwambia yote, bila kupunguza. Hakunitukana. Akasema: "Mimi ulinichafua kwenye stetasi. Na kunisafisha anza huko huko."

Nikatupia pale pale mbele yake, na safari hii jina nikaweka, la kwangu: mimi ndo niliyekosea waya, jamaa hajala hata shilingi, na aliyemfikiria vibaya kwa ajili yangu amsamehe. Bro wa stationery nilimfuata ana kwa ana. Alishanunua kwingine. Hiyo hela jamaa haipati tena, na mimi sina ya kumlipa.

Kesho yake akaja kwangu. Hakupiga stori. Akafungua kasha, akaangalia, akatikisa kichwa. RAM nilipozirudisha nilizipanga sloti ya kwanza na ya pili, zimebanana. Kumbe kwenye madabodi yangu ya sloti nne zinatakiwa ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, ili zifanye kazi kwa njia mbili kwa pamoja. Zikikaa kama nilivyoweka mimi, zinapita njia moja. Akahamisha. Halafu akaingia setingi za Display, sehemu ya juu zaidi, monita ilikuwa imekaa 60Hz, akaweka 144. Maana Windows mpya haikuikumbuka, na bila hiyo kadi inachora 90, kioo kinakuonyesha 60.

Tukafungua gemu. 94.

Akacheza yeye kwanza, kama dakika ishirini, mimi nimekaa pembeni. Alipoondoka aliniambia, "Siku nyingine ukiulizwa swali, jibu swali."

Hatujarudi kama zamani. Anakuja, tunacheza, anaondoka mapema. Kwao nimeanza tena kwenda.

Basi wadau, gemu likikusumbua kwenye mashine yenye nguvu, kabla hujapiga Windows na kabla hujampiga mtu stetasi, zunguka nyuma uangalie waya. Kisha Task Manager, kisha RAM, kisha Hz.

Haya, uwanja ni wenu. Nani mwingine amewahi kumchafua mtu halafu akakuta kosa ni lake? Ulimsafishaje? Tiririkeni kwenye komenti.