Pietarsaari, Mji Uundao Majahazi ya Mbio Yenye Jiko na Vitanda

Msafiri afikaye Pietarsaari wakati wa baridi kali hukuta bahari imegeuka kuwa uwanja. Mji huu umo katika pwani ya magharibi ya Ufini, kwenye Ghuba ya Bothnia, karibu na nyuzi 64 za kaskazini ya Ikweta, na maji ya ghuba hiyo huganda hata watu wakaweza kutembea juu yake. Ifikapo Juni mambo hugeuka: usiku wenyewe hauonekani, na mtu aweza kuketi nje saa sita za usiku akasoma gazeti lake bila taa. Wakazi walio wengi husema Kiswidi, nao huuita mji wao Jakobstad, kwa jina la jemadari Jacob De la Gardie. Mjane wake, Ebba Brahe, ndiye aliyeuanzisha mwaka 1652.

Mji ni mdogo, na mtaa wa Skata ungali na nyumba za mbao zilizopangwa mfululizo, ambamo zamani waliishi mabaharia na mafundi. Ufini ilijulikana zamani kwa lami yake ya misonobari, ile iliyopakwa merikebu za Ulaya zisipenye maji, na Pietarsaari ilikuwa miongoni mwa bandari zilizoipeleka nje. Merikebu nazo ziliundwa papo hapo. Mmoja wa wafanyabiashara wa mji huo, Peter Malm, alikuwa na merikebu iitwayo Hercules, nayo ndiyo ya kwanza ya Ufini kuizunguka dunia, kati ya mwaka 1844 na 1847.

La ajabu katika pwani hiyo ni kwamba nchi yenyewe inapanda. Zamani za kale ilikandamizwa na barafu nzito mno. Barafu ilipoyeyuka, ardhi ilianza kuinuka polepole, na hata leo huinuka kadiri ya milimita 8 kila mwaka. Mtoto azaliwaye leo, akijaliwa kuishi miaka 80, atakuta mwamba aliouchezea pwani umepanda zaidi ya nusu mita. Bandari za huko hazina budi kuyafuata maji.

Katika mji huu wenye bahari igandayo ndimo yanamotoka majahazi ya matanga yaitwayo Swan, jina la yule ndege mkubwa wa majini mwenye shingo ndefu. Mwanzo wake ni mwaka 1966. Kijana mmoja, Pekka Koskenkylä, ambaye kazi yake ilikuwa kuuza bidhaa za karatasi, alianzisha kiwanda cha Nautor. Hakuwa na jina lolote katika uundaji, lakini alikuwa na akili ya kutambua upungufu wake mapema: aliwaendea Sparkman & Stephens wa New York, wachoraji mashuhuri wa majahazi ya mbio, akapata kwao ramani ya jahazi la futi 36. Mbao za kuunda tumbo hakuzitumia tena. Alitumia nyuzi za kioo zilizolowekwa katika gundi ngumu. Mbao zilibaki ndani na juu ya sitaha, ambako mafundi wa msaji walionyesha ustadi wa baba zao. Mwaka 1969 moto uliteketeza karakana. Kampuni ya karatasi ya Schauman iliingia, na kazi ikaendelea.

Jahazi lililoupa mji huo sifa kuu ni Swan 65, lililoanza kuundwa mapema katika miaka ya 1970. Urefu wake ni karibu mita 20 na upana wake unakaribia mita 5. Lina milingoti miwili, mkubwa mbele na wa galme nyuma. Faida ya milingoti miwili yaeleweka kwa kila aliyewahi kuvuta kamba: tanga moja kubwa mno hugawanywa kuwa matanga kadhaa madogo, na upepo ukizidi waweza kushusha moja bila kuliacha jahazi uchi. Chini yake kuna mkuku mrefu wenye farumi nzito. Uzito huo hulifanya liende mbisho, yaani kuukabili upepo kwa kupinda huku na huku, bila kurukaruka juu ya kila wimbi kama ganda la nazi.

Walakini lisisifiwe kupita kiasi. Upepo ukiwa mwanana, jahazi hili ni zito na mvivu. Majahazi mepesi ya siku hizi hulipita kwa urahisi. Kina chake hulizuia kuingia katika vijito na bandari fupi, ambako familia hupenda kutia nanga. Matanga yake yahitaji mikono mingi na yenye nguvu, na bei yake haikuwa kamwe ya mtu wa mshahara wa kawaida. Lakini ndani yake mna makao ya kweli: vitanda vyenye vizuizi ili aliyelala asianguke jahazi liinamapo, meza ya watu wote, na jiko lililotundikwa kwa namna ya kubembea, ili sufuria ibaki wima hata kama sakafu imeinama. Mama wa nyumba anayejua adha ya mchuzi kumwagika ataiona thamani ya ufundi huo bila kuelezwa.

Swali lililowagawanya mabaharia wakati huo lilikuwa hili: je, jahazi lenye jiko, friji na vitanda laweza kushinda mbio za bahari kuu, au starehe ni mzigo tu? Jibu lilipatikana katika mashindano ya kwanza ya Whitbread ya kuizunguka dunia, yaliyosimamiwa na chama cha matanga cha wanamaji wa Uingereza. Majahazi 17 yaliondoka Portsmouth tarehe 8 Septemba, 1973, kwenda Cape Town, Sydney, Rio de Janeiro na kurudi Portsmouth.

Majeshi yalishiriki kwa wingi. Jeshi la majini la Uingereza lilileta jahazi Adventure, lililobadilisha nahodha katika kila bandari. Jeshi la nchi kavu lilikuwa na British Soldier. Chay Blyth, aliyekuwa askari wa miavuli, aliongoza Great Britain II, jahazi la mbio lenye urefu wa mita 23 na zaidi, na mabaharia wake walikuwa askari wa miavuli: vijana wakakamavu waliozoea taabu na ambao hawakuhitaji mapambo ndani ya chombo chao. Kwa upande mwingine alikuja Ramón Carlín wa Meksiko, mfanyabiashara aliyetajirika kwa kuuza vyombo vya nyumbani, zikiwamo mashine za kufulia nguo, na ambaye alikuwa amejifunza matanga miaka michache tu kabla ya hapo. Alinunua Swan 65, akaipa jina Sayula II. Alikuwa na mwanawe, na mkewe naye alisafiri sehemu ya njia. Walikula nyama na kunywa mvinyo wakati wa chakula. Watu waliwacheka.

Mwezi Novemba, kati ya Cape Town na Sydney, kicheko kiliisha. Wimbi kubwa liliipindua Sayula II hata milingoti ikaelekea chini. Watu waliumia, na maji yalijaa ndani. Lakini farumi ilifanya kazi yake: jahazi lilijiinua lenyewe, milingoti ikiwa bado imesimama, maji yakatolewa, na safari ikaendelea hadi Sydney. Si wote waliobahatika. Katika mashindano hayo watu watatu walipotea baharini, mmoja kutoka Tauranga, mmoja kutoka 33 Export, na askari mmoja wa Great Britain II.

Great Britain II iliutangulia msafara wote kwa muda wa siku 144. Lakini ushindi ulipimwa kwa hesabu ya nafuu: kila jahazi hupimwa urefu, uzito na matanga, kisha muda wake hupunguzwa kwa kadiri ya vipimo hivyo, ili kubwa lisimwonee dogo. Hesabu ilipokwisha, Sayula II ilikuwa ya kwanza kwa siku 133, Adventure ya pili, na Great Britain II ilikuwa ya sita.

Askari yeyote aliyewahi kushika zamu za usiku mfululizo ataifahamu sababu mojawapo. Jahazi la mbio halisimami usiku. Wengine hulala, wengine huvuta kamba. Aliyelala pakavu na kula chakula cha moto huamka akiwa na macho ya kuona tanga limelegea. Hapana shaka vipimo vya nafuu navyo viliisaidia Sayula II, na nahodha mahiri bado angehitajika. Lakini vitanda havikuizuia.

Katika mashindano yaliyofuata, ya 1977 na 1978, Swan 65 nyingine, King's Legend, ilikuwa ya pili, na Clare Francis wa Uingereza aliiongoza ADC Accutrac hadi nafasi ya tano, akiwa mwanamke wa kwanza kuwa nahodha katika mbio hizo. Wakati huo mafundi watano walikwisha toka Nautor, wakaanzisha mwaka 1973 kampuni yao, Baltic Yachts, jirani tu huko Larsmo, wakipendelea vyombo vyepesi zaidi. Nautor yenyewe iliingia mikononi mwa Leonardo Ferragamo wa Italia mwaka 1998.

Umri nao una hukumu yake. Mwaka 2023 mbio za namna ya zamani ziliandaliwa tena kutoka Southampton, na majahazi kadhaa ya Swan ya enzi hizo yalikwenda. ADC Accutrac, sasa ikiitwa Translated 9, ilikuwa miongoni mwa zilizotazamiwa kushinda. Baada ya maili nyingi za bahari ya kusini tumbo lake lilipata madhara, likatengenezwa, likaharibika tena, na mwaka 2024 ikajitoa katika mkondo wa mwisho na kuelekea Madeira, watu wake wote wakiwa salama.