Nyangumi wa Loperot

Mwaka 1964, kijana wa Kimarekani aitwaye James Mead alikuta kipande cha fuvu la nyangumi kwenye miamba ya Loperot, magharibi mwa Ziwa Turkana. Loperot ni nyika kavu, nchi ya mbuzi na ngamia. Kutoka hapo hadi Bahari ya Hindi ni kilomita 740, na ardhi yake iko mita 620 juu ya usawa wa bahari. Mtu yeyote angeuliza kwanza: kafikaje?

Ila mwanasayansi ana swali jingine, lisilo na mbwembwe, ambalo lazima alijibu kabla ya hilo: huyu ni nani? Jibu la Mead lilichapishwa mwaka 1975. Mfupa ulikuwa wa familia ya nyangumi wenye mdomo uliochongoka, ndugu wa mbali wa pomboo katika kundi la nyangumi wenye meno. Hawa ni wanyama wa bahari kuu kabisa. Mmoja wao amewahi kurekodiwa akizama karibu kilomita tatu. Jenasi je? Spishi? Hapo Mead akasimama. Alichokuwa nacho zaidi ni sehemu ya mdomo, na kipande hicho hakikutosha kusema zaidi ya familia. Mpaka leo watafiti wanamwita nyangumi wa Turkana, basi.

Mimi si mtu wa mifupa. Naishi Kibamba, pembeni ya Barabara ya Morogoro, mahali ambapo mashamba ya mikorosho yamegeuka viwanja na kila nyumba ina watu waliotoka mkoa wake. Kinachonivuta katika habari hii ni pale Mead aliposimama, kwa sababu mtaani kwetu hatusimami. Jirani mpya akishusha godoro kwenye kirikuu, kabla hajaunganishiwa umeme genge lina taarifa zake kamili: kabila, kazi, ndoa, na sababu ya kukimbia alikotoka.

Kuna wakati alihamia mzee mmoja, peke yake, na mabegi na redio. Hakuwa msemaji. Kwa mwendo wake, watu wakaamua ni mwanajeshi mstaafu. Ilipoonekana taa yake haizimwi usiku, akapandishwa cheo, akawa mganga. Nilikuwa gengeni siku kijana wa bodaboda alipomuuliza mwenye genge, “Eti mama, yule mzee ni mtu wa namna gani?” Mama akajibu bila kuacha kumenya vitunguu: “Anapenda mihogo na hakopi. Mengine sijayaona, baba.”

Huo, kwa maoni yangu, ni uainishaji wa kiwango cha makumbusho.

Nisieleweke kwamba majina si kitu. Pale Kizimkazi, Unguja, watalii huenda kuwatazama pomboo, wakiwemo wale wenye nundu mgongoni. Kwa miaka mingi pomboo hao wa upande wetu wa Bahari ya Hindi walihesabiwa pamoja na wenzao wa Asia. Mwaka 2014 wataalamu wakawatenga kuwa spishi yao wenyewe, Sousa plumbea, na miaka michache baadaye spishi hiyo ikaorodheshwa kuwa hatarini kutoweka. Walipokuwa wamefichwa ndani ya jina la wengine, upungufu wao haukuonekana vizuri. Jina sahihi linaweza kumwokoa mnyama. Ndiyo maana nasema halipaswi kutolewa kwa haraka.

Sisi Watanzania tuna mfano wa kusubiri kwa namna hiyo. Katika bonde la Ruhuhu, karibu na Ziwa Nyasa, Mwingereza Rex Parrington aliokota mifupa miaka ya 1930: mfupa wa mkono na pingili za uti wa mgongo. Mtafiti Alan Charig aliielezea kwenye tasnifu yake ya mwaka 1956, na baadaye akampa mnyama huyo jina Nyasasaurus, lakini jina hilo halikuchapishwa rasmi. Charig akafariki mwaka 1997. Lilipochapishwa hatimaye, mwaka 2013, na yeye akitajwa miongoni mwa waandishi, wenzake bado hawakupiga tarumbeta. Waliandika kwamba mnyama huyo ama ni dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, ama ni ndugu wa karibu sana wa dinosaria. Hilo neno “ama” nalipenda. Nani kati yetu angekuwa na dinosaria wa kwanza duniani mkononi, akaliacha sentensini?

Turudi Loperot. Mfupa ulipelekwa Marekani kuchunguzwa, kisha ukapotea kwenye makabati kwa zaidi ya miongo mitatu. Louis Jacobs, aliyewahi kufanya kazi katika makumbusho ya taifa Nairobi, aliusaka miaka na miaka mpaka ukapatikana Harvard mwaka 2011. Umri wake ukapimwa: miaka milioni 17. Mwaka 2015, Henry Wichura wa Chuo Kikuu cha Potsdam, pamoja na Jacobs na wenzao, wakachapisha hesabu waliyoifanya kwa mfupa huo. Nyangumi akipotea njia na kuingia mtoni hapandi maporomoko. Anahitaji mto mpana, wa taratibu, kwenye nchi iliyo tambarare. Kwa hiyo siku alipokwama, Loperot ilikuwa mita 24 hadi 37 tu juu ya bahari. Kilichobaki hadi kufikia 620 ni ardhi iliyoinuka baadaye, na kuinuka huko ndiko kulikosaidia kukausha Afrika Mashariki, misitu ikaanza kupisha nyasi ambazo mababu wa binadamu walikuja kutembea juu yake.

Kwa hesabu yote hiyo, familia ilitosha. Jina la jenasi lisingeongeza hata mita moja.